Gari la Mafinga

Gari la Mafinga halikuwa na kasoro, na Noela aliligundua hilo kabla Remigius hajafungua boneti. Aliligundua kwa namna mwanamume yule alivyosimama, mikono kaifunga nyuma, midomo kaibana, akilitazama kama mkulima anayetazama maji ya mto yakipanda kuelekea shambani kwake.

Lilikuwa jekundu, la viti viwili, pua ndefu, tumbo karibu liguse ardhi. Mwenyewe, mzee Lukelo, mfanyabiashara wa mbao, alilinunua likiwa limekwisha kutumika Japani, akaliendesha viangazi vichache, kisha mgongo ukamwambia basi.

"Kuingia naingia," aliwaambia. "Kutoka ndiyo mpaka niite watu."

Shangazi Balbina alicheka mpaka akashika ukuta. Noela hakucheka. Alikuwa akimwomba Remigius kimoyomoyo: sema kitu. Sema injini inakula oili. Sema chesisi imepinda. Sema lolote, turudi stendi.

Ili ueleweke msiba wa gari zima kuwa zima, yafaa turudi nyuma kidogo.

Maximilian, mchumba wa Noela, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Lipangalala, Ifakara. Tangu utotoni aliota gari la spoti, lile la chini lenye kunguruma. Lakini kwa barabara ya enzi hizo, gari la namna hiyo lingezama kwenye tope la Kiberege kabla wenyeji hawajalipa jina. Lami ilipofika, ndoto ikapata pa kukanyaga. Alitaka gari hilo ndilo limtoe bibi harusi wake kanisani. Na kwa kuwa mavuno yalikuwa yamepamba moto, mashine ikinguruma tangu alfajiri, alimwita ndugu yake Remigius, fundi mwenye gereji Kibaoni, akamtuma azunguke mikoani atafute. Kisha akamgeukia Noela, akamwambia maneno ambayo mwanamke mwingine angeyashukuru hadi kaburini: afuatane na Remigius, achague mwenyewe, kwa kuwa gari hilo ni lake kabla halijawa la mtu yeyote.

Kwa heshima, akaongezwa shangazi. Msichana aliyekwisha kutolewa mahari hasafiri na shemeji peke yake, hata shemeji awe mtakatifu.

Walianzia Morogoro. Huko kulikuwa na gari la bluu. Remigius aliliendesha mzunguko mmoja, akashuka akitikisa kichwa, akasema giaboksi inasaga. Shangazi alimwamini papo hapo, maana yeye gari alilolijua ni basi. Lakini Noela alikuwa ameketi kiti cha mbele katika mzunguko ule, na gia zilikuwa zikiingia laini kama mkono kwenye mfuko. Alimtazama Remigius. Remigius akatazama mlima.

Dodoma walikuta jeupe, la kijana mmoja aliyehamishwa kikazi. Safari hii Remigius alikosa la kusema. Alizunguka, akainama, akainuka, akapangusa jasho, na kabla hajakubali, Noela akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba nyeupe haimpendezi, inamkumbusha gari la wagonjwa. Remigius alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Tangu siku hiyo wakawa wezi wawili wanaoiba kitu kimoja bila kuambiana. Iringa mjini walilikataa la kijivu kwa sababu ya kutu, na kutu yenyewe ilikuwa kwenye ulimi wa Remigius tu.

Kila gari walilolikataa liliwapa safari nyingine, na kila safari ilikuwa na chai ya stendi, na mihogo ya kukaanga kwenye karatasi moja, na kiti cha basi cha watu watatu ambamo shangazi alikaa katikati kama ukuta wa parokia. Bahati yao, usingizi ulikuwa ukimchukua mapema. Akilala, kichwa kilimwinamia mbele, na ukuta ukawa na dirisha. Walitazamana tu, wakatazama nje, wakatazamana tena. Kama hiyo ni dhambi, basi ilikuwa dhambi ya macho manne na miti ya pembeni mwa barabara.

Sasa walikuwa Mafinga, Jumamosi asubuhi, baada ya kulala hosteli ya masista. Matangazo mawili ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani kwao. La tatu lingesomwa kesho, padri akiuliza kama yupo mwenye kujua kizuizi, na baada ya hapo kilichobaki ni kushona nguo.

Mzee Lukelo alifurahi kuona Remigius akilala chini ya gari bila kujali shati. Akamwambia Noela kwamba amepata mume mwenye mkono mzuri, akauliza wanaoana lini.

"Huyo ni shemeji yake, mzee," shangazi alidakia. "Mwenye mke yuko Ifakara, amejaa pumba."

Noela aliona soli za viatu vya Remigius zikitulia kule chini.

Alipotoka uvunguni, simu yake iliita. Alikuwa Maximilian. Noela alisogea karibu, akasikia kila neno, kwa kuwa Maximilian alizoea kuongea juu ya kelele za mashine. Laiti angelalamika. Laiti angeuliza kwa nini watu wazima wanazunguka nchi nzima wasione gari. Badala yake aliomba msamaha. Alisema anaona amewaonea, ndoto zake za kitoto zimewachosha bure. Kama hili nalo ni bovu, warudi nyumbani wapumzike, atakodi gari lolote, bibi harusi ni yuleyule.

Remigius alisikiliza, macho kayafumba. Noela alikuwa na neno la rangi tayari ulimini. Nyekundu inanichoma macho, angesema. Remigius alifumbua macho, akamwona anavyojiandaa, akamtikisia kichwa, kidogo tu.

"Max," alisema kwenye simu. "Tumelipata. Halina tatizo lolote."

Mambo ya benki na kadi ya gari Maximilian aliyamaliza kwa simu na mzee Lukelo. Likabaki jambo ambalo wote watatu walikuwa wamelisahau: viti viwili. Shangazi Balbina alijaribu kuingia, akapitisha mguu mmoja, akapitisha nyonga moja, akasimama hapo akitafakari maisha. Alitangaza kwamba Mungu hakumuumba akae sakafuni na kwamba atapanda basi. Lakini kabla ya kwenda stendi alimvuta Remigius pembeni.

"Mwanangu, nakukabidhi mke wa ndugu yako. Ufike naye kama alivyo."

"Nimesikia, shangazi."

Kwa Noela aliinamia dirisha, akamnong'oneza akae na mkoba wake mapajani njia nzima. Noela aliahidi. Wakaondoka.

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hapakuwa na mtu katikati yao. Ungedhani wangeanza kuzungumza kabla ya kuiacha Mafinga. Hawakuzungumza. Waliipita Iringa kimya, wakateremka Kitonga kimya, malori ya mizigo yakihema mbele yao kama ng'ombe wa kulimia. Ruaha Mbuyuni watoto wa wauza vitunguu walilikimbilia gari wakishangilia wekundu wake, na Remigius akawapungia mkono, akatabasamu, tabasamu likafa kabla mkono haujashuka. Noela alitazama mkono ule ukirudi kwenye usukani. Kucha zilikuwa na oili ambayo sabuni haiitoi. Aliwaza kwamba anaweza kuutambua mkono ule kati ya mikono elfu, na kwamba hajawahi kuushika.

Mikumi walikata kona kuelekea bondeni kwao, na matuta yakaanza. Gari la chini kama lile halivuki tuta hivihivi. Remigius alilazimika kulipeleka mshazari, tairi moja moja, taratibu kama anayevusha mgonjwa. Katika tuta la kwanza Noela alishindwa.

"Kwa nini hukusema giaboksi?"

"Giaboksi nzima."

"Ya Morogoro pia ilikuwa nzima."

Remigius alibadili gia.

"Na lile la Iringa halikuwa na kutu. Niliingiza kidole mwenyewe."

"Noela."

"Abee, shemeji," alimjibu kwa makusudi, kama mtu anayebonyeza jipu ajue linauma wapi.

Gari lilivuka, likachanganya mwendo, likakuta tuta jingine. Noela alikuwa ameanza, na aliyeanza kuvua nguo mtoni hana budi kuoga. Akamuuliza kama anajua kwa nini alisema ndiyo siku ya posa.

Siku ile Remigius ndiye aliyekuwa mshenga. Mzee aliyepangwa aliugua ghafla, na kwa kuwa Maximilian maneno humkauka mbele ya wakwe, akatumwa ndugu yake mwenye ulimi. Kwa desturi ya ukoo wa kina Noela, mshenga hunena kana kwamba ni yeye anayeoa, bwana harusi mwenyewe hakanyagi uani, na jina lake halitajwi mpaka mama wa binti amepokea mkaja, ile kanga ya heshima ya kufungwa kiunoni. Ni desturi ya kuficha aibu: wakikataliwa, hakuna aliyekataliwa kwa jina.

Kabla ya hapo, Maximilian na Remigius walikuwa wakija pamoja kwenye duka la dawa alipouzia Noela, wamepakizana kwenye pikipiki. Mmoja alisimama mlangoni, mpole, akinunua dawa za kichwa zisizokwisha. Mwingine alikaa kwenye benchi akimtania, akimuuliza kama ana dawa ya mtu anayenunua dawa. Noela alicheka na wa kwenye benchi. Wa mlangoni alimwona ni msindikizaji.

Basi alipoitwa mbele ya wageni, akapiga magoti, akaulizwa na baba yake kama watu hawa anawafahamu na kama vitu vyao vipokelewe, alinyanyua macho na kumwona Remigius kwenye jamvi, shati jeupe limepigwa pasi, kichwa kimeinama mbele ya baba huyo, mzee Polikarpo, akisema ameliona ua katika nyumba hii na anaomba alichume.

"Sikuona mshenga," Noela alisema. "Nilikuona wewe. Nikasema, baba, pokeeni."

Remigius alikanyaga breki. Hapakuwa na tuta. Alilisogeza gari pembeni, miwa imesimama kushoto na kulia, akazima injini, akabaki ameshika usukani wa gari lililosimama.

"Ukasema pokeeni kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine? Jina la Max nililisikia wakati mama amekwisha kuvaa mkaja, shangazi anapiga vigelegele, baba analia, na ule mguu wake wa kisukari ameunyoosha kwenye kigoda. Nikakutazama unisaidie. Ukawa unahesabu miaa ya jamvi."

"Laiti ungeniuliza."

"Nikuulize wapi? Mbele ya wazee? Samahani, ndugu mgeni, ni wewe au ni mwenzako?"

Kidogo Remigius acheke. Kisha akaanza kusema bila kumtazama, akitazama miwa. Alisema siku ile alipomwona amenyanyua macho, uso wake uliwaka. Hajawahi kuona uso wa mtu ukiwaka namna ile. Alijiambia moyoni kwamba Max ana bahati kuliko watu wote wa bonde hili, akajisikia kufa, na akatoka pale akaenda moja kwa moja mashineni.

"Max aliniuliza, alisema nini? Nikamwambia, usiulize alisema nini, uliza alikuwaje. Aliwaka, ndugu yangu. Aliwaka kama taa. Max alikaa juu ya gunia, akalia. Mwanaume mzima, Noela. Anaishi kwa neno hilo mpaka leo. Akichoka ananiambia, hebu nisimulie tena."

Noela aliweka mkono mdomoni. Ule mwanga wake, mali yake mwenyewe aliyoitoa mara moja tu maishani, ulikuwa umebebwa na mtu aliyekusudiwa, ukapelekwa kwa mtu asiyekusudiwa, na aliyeupeleka hakujua amebeba nini.

"Basi kamwambie ulikosea," alisema.

"Siwezi."

"Kesho padri ataulizia kizuizi. Sema leo kwa Max, nami nitasema leo kwa baba. Tutatukanwa, tutafukuzwa, tutakwenda hata Masagati kulima mahindi. Watu wanakuja kusahau."

"Watu watasahau. Mama hatasahau."

Aliyemwita mama hakuwa mama yake mzazi. Noela aliijua habari ile juu juu, kama watu wote wa Lipangalala. Sasa aliisikia kutoka kwenye kidonda chenyewe. Mama mzazi wa Remigius alifia kwenye uzazi kijijini Michenga, mafuriko yamekata njia. Dada wa marehemu, Scolastica, alivushwa kwa mtumbwi, mtoto wake mwenyewe mchanga kamfunga mgongoni, akamchukua na huyu. Akawanyonyesha wote wawili, Maximilian ziwa la kulia, Remigius la kushoto.

"Wanawake walimwambia maziwa hayatoshi wawili, mwanao atakonda," Remigius alisema. "Alikonda kweli. Mwangalie Max alivyo mwembamba mpaka leo, halafu niangalie mimi. Nusu yake ninayo mimi mwilini. Nimle na nusu iliyobaki?"

"Na mimi, nusu yangu ataila nani?"

Lori la miwa lilipita likiwatikisa, majani makavu yakaangukia kwenye boneti nyekundu. Noela aligeuka kwenye kile kiti cha chini mpaka akamwelekea mzima mzima. Alikuwa amepoa sasa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji ya kunywa tu.

"Sikuombi unichukue. Sikuombi unitoroshe. Sema neno moja tu, kwamba unanipenda. Nikilisikia kwa masikio yangu, mengine nitayabeba mwenyewe."

Remigius alifungua mdomo. Aliuona uso wake kwa karibu, nyusi, kovu dogo la tetekuwanga juu ya pua, midomo iliyosubiri. Akaufunga mdomo.

"Nikilisema utabaki nalo," alisema.

"Nitabaki nalo."

"Maisha yote. Ukimpikia Max, lipo. Ukimzalia, lipo."

"Nimesema nitabaki nalo."

"Ndiyo sababu silisemi."

Akawasha gari.

Noela hakulia. Alitazama mbele, mkoba mapajani kama alivyoagizwa, na milima ya Udzungwa ikawa inapita upande wa dereva bila yeye kuiona. Aliwaza kumwambia baba yake hata hivyo. Aliligeuza wazo lile kila upande, na kila upande lilikuwa na shimo. Angesema nini? Kwamba anamkataa mtu mwema kwa ajili ya mtu ambaye hata jina la kitu walichonacho amekataa kulitaja? Ukikimbia nyumba unakimbilia mahali. Yeye pa kukimbilia palikuwa pembeni yake, pameshika usukani, panampeleka kwa mwenyewe.

Jua lilikuwa limelegea walipoingia Ifakara. Kibaoni vijana wa bodaboda waliwapigia honi na miluzi, wakalisindikiza gari hadi Lipangalala kama vile harusi imeanza. Uani kwa mama Scolastica mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai, na mama mwenyewe alitoka amejifunga kibwebwe, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Noela alishuka, akapiga goti, akamwamkia. Mama alimkumbatia, akamuuliza shangazi yuko wapi. Alipoambiwa habari ya nyonga na kiti alicheka akifuta machozi.

Maximilian alikuja mbio kutoka mashineni, mweupe kwa pumba kuanzia nywele hadi ndala. Alisimama mbali na gari. Hakuligusa. Alilizunguka polepole, mikono kifuani, akipumua kwa mdomo kama mtoto aliyeletwa mbele ya kitu kikubwa. Kisha akamjia Noela.

"Umelipenda lakini? Niambie kweli. Mimi nisikuharibie."

"Zuri, Max. Limetulia."

"Basi mimi sikai humo mpaka siku ile. Siku tunatoka kanisani, ndiyo nitakaa. Wewe mbele, mimi pembeni yako... Hapana, na dereva je? Viti viwili!" Akajipiga paji la uso, akacheka, pumba zikamruka. "Nimenunua gari la harusi lisilo na nafasi ya dereva. Remi, ndugu yangu, utanifundisha kuendesha. Zipo wiki za kutosha."

Remigius alikuwa akiokota majani ya miwa kwenye boneti, moja moja. Alimaliza, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha ndugu yake, akakifunga kiganja kile kwa mkono wake.

Alisema hataweza kumfundisha. Kuna mtu ana matrekta mabovu huko Masagati, amemsumbua muda mrefu, na ameona aende kesho kabla ya misa. Kazi ni ya miezi. Gereji atamwachia Wendelin, kijana wake wa kazi.

Mama Scolastica ndiye wa kwanza kusema. Alimuuliza kama amechanganyikiwa. Ndugu anaoa, yeye anakwenda kutengeneza matrekta? Nani atasimama na mwenziwe kanisani? Amewalea wawili, au mmoja amekuwa mgeni? Remigius alisimama mbele yake, kichwa chini, akayapokea yote. Alisema tu, "Nisamehe, mama." Maximilian alijaribu kucheka, akidhani ni utani, akamtazama usoni, akaacha. Akamgeukia Noela.

"Mwambie wewe. Mimi huyu hanisikii, lakini wewe anakuheshimu. Mwambie abaki."

Mama Scolastica naye akageuka. Wote watatu wakawa wanamtazama, na wa tatu ndiye aliyetazama kwa namna ambayo Noela aliielewa peke yake. Akisema baki, atabaki. Atasimama kanisani na shati lake jeupe. Atakuja Krismasi, atakuja Pasaka, atakula mezani kwake, atamwamkia, atawabeba watoto wake. Na siku moja, mwaka wowote, Max atauona ule uso ukiwaka kwa macho yake mwenyewe, na atajua taa ilikuwa ya nani.

"Mwache aende, Max," alisema.

"Hata wewe?"

"Kazi haina msimu. Mwache."

Remigius aliinamisha kichwa kwake, mara moja, kama alivyoinamisha mbele ya mzee Polikarpo. Akamkumbatia mama yake, akamkumbatia Maximilian mpaka pumba zikahamia kwake, akatoka uani kwa miguu. Noela hakumsindikiza kwa macho. Alipiga magoti kwenye turubai, akaanza kukusanya mpunga kabla ya umande, kwa mikono miwili, akiuvutia katikati.

Baada ya muda Maximilian alikuja, akachuchumaa upande wa pili wa turubai, akaanza kukusanya naye. Walifanya kazi mpaka kilima cha mpunga kikawa kati yao. Kisha akasema kwa sauti ndogo, isiyozoeleka kwake, kwamba Remi haondoki hivihivi. Anamjua tangu kwenye ziwa la mama. Iko sababu.

"Kama kuna mahali nilimkosea, Noela, niambie. Ulikuwa naye siku zote hizi, lazima amekwambia. Nikamwombe radhi usiku huu huu, kabla ya tangazo la kesho."

Noela aliutazama uso ule mwembamba, kope zimejaa vumbi la mpunga, unaosubiri kuambiwa kosa lake. Aliyatafuta maneno ambayo yangeweza kumfanya amchukie hata kidogo, walau kwa usiku mmoja. Hakuyapata.

"Hujamkosea mtu, Max," alisema.

Lilikuwa neno pekee la kweli alilomwambia siku ile, na kwa hilo hapakubaki mlango wa yeye kutokea.